Mchango wa Uso

Milioni sita na laki mbili. Nilipohesabu mara ya pili ikaongezeka elfu kumi na tano, maana nilikuwa nimesahau bajaji ya siku ile ya kwanza na dawa moja iliyonunuliwa nje. Hizo ni nauli, vipimo, vidonge, kulala, kula, na yale mambo ambayo hayana risiti. Kichwa chenyewe bado hakijaguswa. Kwa fedha hiyo ningejaza asali kwenye gari zima na bado ningebaki na ya kumlipa kuli. Nilichonunua ni kitu kimoja tu: kujua kwamba nusu moja ya ubongo wa binti yangu ni kubwa kuliko nusu ya pili, na kwamba hiyo kubwa ndiyo mbovu.

Mimi ni mwuza asali, Kanyenye, Tabora mjini. Naichukua kwa warina asali wa Usinge na Ulyankulu, inakuja kwa ndoo, naigawa kwenye chupa, naiuza. Biashara hii inakufundisha kutoliamini jicho. Ndoo inaweza kuwa asali juu na sukari chini, na anayekuuzia akakuapia kwa jina la marehemu mama yake. Kwa hiyo nachovya njiti ya kiberiti, nawasha, nasikiliza inavyolia; iliyochanganywa hutatarika. Ndoo nazihesabu zikipanda gari, nazihesabu tena zikishuka. Wenzangu sokoni wananicheka, lakini wakipata mzigo wa ubia wananiita niuhesabu mimi.

Mtoto hachovywi njiti ya kiberiti. Huyu alizaliwa asubuhi, wa tatu kwetu, kilo tatu na nusu, na shavu la kulia lilikuwa limejaa. Mkunga akasema alibanwa njiani wakati wa kutoka, litanywea. Nikamuuliza litanywea lini. Akasema, baba, mtoto hata hajanyonya, wewe unataka tarehe. Nikacheka, mke wangu akacheka, mkunga akaenda zake kwa mzazi mwingine.

Halikunywea. Lilikua pamoja naye, kisha likaanza kumtangulia. Halikuwa jipu, halikuwa na usaha, na ukilibonyeza mtoto hata hashtuki. Nyama laini tu, nyingi, kama unga uliozidishiwa hamira. Sikio la upande ule nalo likawa kubwa kuliko mwenzake. Pembe ya mdomo ikavutika chini. Ulimi ukawa mnene nusu yake. Ukimtazama kwa kushoto unaona mtoto mzuri, sura ya mama yake. Ukizunguka kulia unakuta mtu mwingine, amechoka, kama mzee aliyesinzia na tumbaku shavuni.

Wageni walikuja na sabuni na khanga. Walimfunua, wakasema mashallah, halafu wakaanza kuzungumzia mvua. Nikajifunza kuwapima. Aliyeiwahi mvua ndiye aliyeogopa zaidi. Kliniki walituambia tumpeleke kwa daktari mkubwa akamtazame, na sisi tukasema tutakwenda msimu wa asali ukiisha, maana mtoto ananyonya, analala, hana homa. Ndivyo tulivyoona.

Alipokuwa na miezi mitatu na kitu, jino likatoka. Jino la juu, upande ule ule wa kulia.

Kwa asiyejua: mtoto huanza kuota meno ya chini. Anayeanza ya juu huitwa kigego, na wazee wa zamani walimwogopa kigego kuliko chui. Walisema analeta jeneza nyumbani, na sitaandika walichokuwa wakimfanya. Siku hizi hakuna anayelisema jambo hilo kwa sauti, wala hakuna aliyelisahau. Mke wangu aliliona jino lile akiwa ananyonyesha. Hakuniambia mimi. Alimpigia simu mama yake.

Mama mkwe wangu akaja kwa basi kutoka kijijini, upande wa kule kule Usinge, na kuku wawili na karanga debe moja. Hapa lazima nieleze kitu. Kwetu mwanamume habishani na mama mkwe. Hamkazii macho, hakai naye mkeka mmoja, na wakikutana njiani mwanamume ndiye anayeingia porini apishe. Mjini mambo mengi yamelegea, hilo kwangu halikulegea. Mimi niliyewahi kumshusha bei mfugaji wa Igunga kwenye ndama wake mpaka akachanganyikiwa nani kati yetu ndiye muuzaji, mbele ya mama yule nina maneno mawili: shikamoo mama, na ndiyo mama.

Akalitazama jino. Akalitazama shavu. Akasema mtoto afunikwe uso kwa khanga nyepesi, akiwa mgongoni, akiwa kitandani, mchana kutwa, mpaka jino la chini litoke. La chini likitoka, la juu litakuwa limepata mwenzake, na watu hawatakuwa na la kusema. Hakuwa mtu mbaya. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeficha kitu chake kisiibiwe. Kisha akamchukua, akambeba, akamwimbia, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu kila jioni, na khanga ikarudi usoni. Nikasema ndiyo mama. Nyumba nzima ikawa inasubiri jino.

Kitu kilichonifanya nianze kukosa usingizi kilikuwa kidogo sana. Mtoto akiamka, khanga ilitikisika. Ikatulia. Ikatikisika tena, ikatulia, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi na kungoja. Nilimwonyesha mke wangu. Akasema anacheza na malaika. Ni kweli watoto wachanga hucheka usingizini na kuchezesha mikono, nasi husema wanacheza na malaika. Lakini malaika hawa walikuwa na saa zao. Walikuja akiamka na walikuja akitaka kulala. Niliogopa, na mtu mwenye hofu hununua maelezo ya bei rahisi. Nikayanunua hayo ya malaika, wala sikuyawashia kiberiti.

Sasa mtani wangu.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walikuwa wapagazi wa misafara, walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, na kila safari walipita kwa Wazaramo, wakagombana nao, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakaona nafuu kutaniana. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake, anaweza kukutukana kwenye msiba wako ukamshukuru. Anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako akaondoka nacho, na huruhusiwi kukasirika. Ukikitaka, unakikomboa. Huyu wa kwangu anauza ndoo na mabeseni, hatua chache kutoka kibandani kwangu, na ndoo zangu zote za asali natoa kwake. Alikuja Tabora kwa mwezi mmoja, na mvi zimemwota hapa hapa. Siku tuliyomzika baba yangu alishuka kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka alipwe, kwa sababu marehemu aliondoka na deni la chai. Watu walicheka huku machozi yanawatoka.

Alikuja kumwona mtoto baada ya swala ya alasiri, na beseni dogo la waridi kama zawadi. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka sebuleni, mtoto mapajani. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Mimi nilisimama mlangoni, upande wa nje, kama heshima inavyotaka.

"Hodi humu kwa wapagazi," akasema. "Nasikia mmemficha mtumwa wangu."

Mama mkwe kwa watani hana woga. "Karibu. Pwani samaki wamewaishia, umefuata karanga za watu?"

"Nimekuja kukagua mali, bibi. Mnyamwezi ukimwachia mzigo, anaukalia."

"Kagua kwa macho. Mikono yako inanuka plastiki."

Akachuchumaa. Akaishika khanga kwa vidole viwili, akaifunua. Utani ulikuwa tayari mdomoni kwake, niliuona umekaa pale, na nilikuwa nimeshajiandaa kucheka ili ionekane nimezoea. Hakuusema.

Macho ya mtoto yalikuwa yamekwenda pembeni yote mawili. Kope ya kulia ilikuwa inapiga. Mkono wa kushoto ulikuwa unafunguka na kukunjika, unafunguka na kukunjika, na mtoto mwenyewe hakuwepo. Sijui niseme vipi. Alikuwa pale mapajani kwa bibi yake, na hakuwepo.

Mtani wangu akabaki amechuchumaa, khanga mkononi. Yule mtu alikosa neno. Alijilaza kwenye kaburi la baba yangu na maneno hayakumpungukia, na sasa yamempungukia sebuleni kwangu, mchana kweupe.

"Mtani," akaniambia taratibu, bila kugeuka. "Huyu hachezi."

Mama mkwe akasema anajua, ni degedege, ameliona tangu wiki iliyopita. Mke wangu aliacha mchele. Mama yake akaendelea kwa upole, kama anayemfundisha msichana kupika, kwamba degedege halipelekwi hospitali. Mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa hapo hapo, yeye amewaona kwa macho yake, mmoja alikuwa wa dada yake. Kuna mzee atakuja kesho na majani ya kumfukizia. Na amfunike, upepo unamwingia.

Mke wangu akaniangalia. Nami nikaangalia sakafu. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo mengi na mazuri, ya kumshinda wakili, na yote yalifika kooni yakamkuta mama mkwe amekaa, yakarudi.

Mtani akainuka. Akainama tena, akamtoa mtoto mapajani kwa bibi yake polepole, akamzungushia khanga mwilini, uso akauacha wazi.

"Basi, huyu nimemchukua," akasema.

"Unampeleka wapi?"

"Ni mtumwa wangu. Nampeleka akapimwe, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia. Mkimtaka, mtanikuta huko na ukombozi wangu."

"Mtani," mama mkwe akasema, na sauti sasa ilikuwa nyingine, "hili si la utani."

"Kwa heshima utanishinda, bibi. Kwa hiyo naondoka kwa utani. Kesho nidai faini."

Akatoka. Alipita karibu yangu mlangoni, na mkono wa mtoto ulikuwa bado unafunguka na kukunjika juu ya shati lake. Mama mkwe alikuwa amesimama, kiganja mdomoni. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mtani hanyang'anywi alichochukua. Jambo hilo halijapata kufanywa na hangekuwa yeye wa kulianza. Akavua khanga yake ya juu, akamtupia binti yake. "Mfuateni," akasema, "atashikwa na baridi yule."

Hivyo ndivyo nilivyompeleka mwanangu hospitali. Nilipanda bajaji nyuma ya bajaji, kama mtu anayefuata mali yake iliyokamatwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa dada mdogo mdogo, amevaa ndala kwa sababu, nadhani, zamu ilikuwa ndefu. Alimtazama mtoto usoni, pande zote mbili, na hakuzungumzia mvua. Akashika shavu, akapima kichwa kwa utepe, akaangalia jino. Kisha akauliza inamshika mara ngapi kwa siku.

Mimi ndiye ninayeitwa kuhesabu mizigo ya wenzangu. Sikuwa na idadi. Nilimwambia sijui, alikuwa amefunikwa. Akaitazama khanga ile mkononi mwa mke wangu. Hakuuliza afunikwe kwa nini. Nadhani aliwahi kukutana na khanga nyingine kabla ya yetu.

Ikamshika tena pale pale juu ya kitanda, na safari hii mguu nao ukaingia. Daktari akasema atampa dawa kwa sindano ya mshipa. Mke wangu alinikamata kifundo cha mkono akakikaza mpaka kucha zikaingia. Sisi sote wawili tumesoma, tumechanjwa, tumechomwa sindano za malaria zaidi ya tunavyokumbuka, na sote wawili tulikuwa tunamsikia mama yake chumbani mle kama amekaa kati yetu. Sindano ikaingia. Mkono ukafunguka, haukukunjika. Mtoto akalegea mwili mzima.

Nikajua amekufa. Sikudhani, nilijua. Nikajua kwamba nimemkaidi mama mkwe bila hata kufungua kinywa na malipo yamekuja hapo hapo. Nikakikodolea macho kifua kile, kilo sita za mtoto, nikaanza kuhesabu kikipanda. Nikapoteza, nikaanza upya. Nikipoteza hesabu nilikuwa nafikiri ni pumzi iliyopotea wala si hesabu. Nesi akanigusa bega.

"Baba, amelala. Sasa ndiyo amelala."

Ilichukua muda mrefu kumwamini. Alipoamka alitafuta ziwa la mama yake kwa hasira, na mke wangu akalia kwa sauti mpaka wazazi wa vitanda vya jirani wakaja kutupa pole wakidhani ni msiba. Nje, mtani wangu alikuwa amekaa kwenye benchi. Nilimwambia mtoto mzima. Akasema vizuri, sasa anadai chai na chapati mbili, na faini ya mama mkwe nimlipie mimi.

Walituandikia twende Dar es Salaam, akapigwe picha ya ndani ya kichwa. Tukaenda kwa treni. Ni njia ile ile ya wapagazi, isipokuwa wao walipakiwa pembe za ndovu begani wakajua wamebeba nini. Mimi nilikuwa na mtoto asiyefika hata kilo saba na sikujua. Uso sasa ulikuwa wazi, daktari alituagiza tuutazame, tuandike kila inapomshika. Niliutazama kutoka Tabora mpaka baharini. Mama mmoja wa kiti cha mbele akauliza mtoto anaumwa jino? Nikasema ndiyo, jino. Haikuwa uongo mzima.

Daktari wa Dar alikuwa mtu mzima, sauti imekwaruza, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtu. Akatuwekea picha kwenye kioo. Ubongo, alisema, una pande mbili zinazofanana. Nikaona kweli kama karanga iliyopasuliwa. Lakini wa kwetu upande mmoja ulikuwa karanga na upande wa pili njugu mawe, umejaa, umesukuma mpaka wa katikati. Upande wa kulia. Upande mmoja na shavu lile.

Akasema ni jambo moja, limetokea mara mbili: usoni na ndani. Lilianza mtoto akiwa tumboni, mdogo kuliko punje ya uwele. Chembe moja ilikosea, na kila kilichotokana nayo kikakua bila kujua pa kuishia, mafuta, mfupa, jino, ubongo. Jino liliwahi kwa sababu upande ule wote una haraka. Ni ugonjwa wa nadra, yeye mwenyewe amewaona wachache katika kazi yake yote. Nikamuuliza umetoka kwangu au kwa mama yake. Akasema si kwako, si kwa mama, si kwa mtu yeyote. Nikamuuliza tena, kwa sababu ndivyo nilivyo. Akajibu vile vile. Mke wangu akauliza mara ya tatu, nami sikumkataza.

Kisha nikaanza kupatana. Nikasema tuanze na shavu, tulipunguze, mtoto apate sura, mengine baadaye. Akasema shavu linapunguzika, lakini kwa umri huu litarudi, na ndani yake kuna mishipa ya kuchezesha uso, ukiikata hatacheka upande ule. Shavu lingoje awe mkubwa. Kichwa ndicho kisichongoja. Dawa imepunguza degedege, ni kweli, kutoka lile fungu tulilohesabu kwenye treni mpaka mara nne au tano kwa siku, lakini haitalimaliza. Na kila linapomshika, linachukua kitu kwenye ile nusu iliyo nzima.

"Sasa dawa yake nini?"

"Kuutenga upande huu," akasema, "usiwasiliane tena na mwenzake."

Nikauliza kama anaweza kuutenga kidogo kwanza, tukaangalia. Akasema hapana. Nikauliza mtoto akitoka huko atakuwaje. Mkono wa kushoto utakuwa dhaifu, akasema, na tayari ni dhaifu, jaribuni kumpa kijiko. Anaweza kutembea. Anaweza kusema. Ubongo wa mtoto mdogo unajifunza upya vitu vingi, ndiyo maana inafaa mapema. Nikangoja amalize. Nimezoea mtu akikutajia bei ya mwisho anaangalia pembeni. Huyu aliniangalia mimi.

"Na anaweza asitoke," akasema.

Usiku ule kwa mwenyeji wetu tulimpa kijiko. Alikipokea kwa kulia. Tukakiweka kushoto, akazungusha mkono wa kulia kote kule akakichukua. Alifurahi sana, alidhani ni mchezo. Tulijaribu mara nyingi kuliko tulivyopaswa.

Tuliporudi Tabora kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, jino la chini lilitoka wiki ile ile. Mama mkwe alilipigia vigelegele, akaikunja khanga ya usoni akaiweka sandukuni. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha, lilibaki la sura.

La pili lilikuwa mchango. Mtani wangu, tukiwa Dar, alichukua ndoo mpya kutoka dukani kwake akazunguka nayo. "Changieni uso wa mtumwa wangu," akasema kila kibanda, "kwa sura hii hauziki." Watu wakacheka, wakatoa. Walitoa wenye maduka, walitoa mafundi cherehani, walitoa akina mama wa mihogo, msikitini wakapitisha Ijumaa mbili, warina asali wa Usinge wakateremsha ndoo nne wakasema hizi usitulipe. Mama mkwe aliuza ng'ombe na ndama wake. Fedha alizifunga kwenye pindo la khanga, akampa binti yake mbele yangu, akitazama ukutani kwa ajili ya heshima. Alisema ni za shavu, mtoto aje aolewe kama wenzake. Mke wangu akaanza kumweleza habari ya kichwa. Mama yake akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kichwa kiko ndani, mwanangu, nani anakiona?" akasema. "Uso ndio unaokwenda sokoni."

Nikakabidhiwa ile ndoo sokoni, kwa dua, mbele ya watu wote. Milioni tisa na laki tatu na ushee. Walitaka niseme neno. Nikasema ahsanteni, Mungu awazidishie, na nikakaa. Walidhani nimezidiwa na furaha.

Fedha zile hazijaguswa. Ziko pale pale, na wiki iliyopita hospitali ya Dar ikapiga simu. Madaktari bingwa wa kichwa wanakuja mwezi ujao, mtoto amepata nafasi, malipo ya awali yatangulie. Nikijumlisha vya kwangu vilivyobaki na ule mchango, inafika. Bila mchango haifiki hata nusu. Ila mchango ni wa uso. Nikiutumia kwa kichwa, mtoto atarudi Kanyenye, Mungu akijalia, na shavu lile lile, labda limezidi, na kovu kichwani juu yake, na kila mama wa mihogo atamtazama atafute elfu mbili yake imekwenda wapi. Na Mungu asipojalia, nitarudi na sanduku, na watasema tulitoa fedha arekebishwe sura, baba yake akaenda kumpasua ubongo. Watakuwa wamesema kweli.

Mke wangu anasema tuwaambie kabla, na tuanze na mama yake. Anayetaka chake arudishiwe. Mtani anasema tusiwaambie, mzigo huhesabiwa ukifika. Nikamwomba basi yeye akaongee na mama mkwe, kwa utani, kama siku ile. Akanyamaza, ikawa mara ya pili tangu nimjue. Akasema hili halina utani ndani yake, hili lisemwe na baba wa mtoto.

Mama mkwe, aliyekuwa amerudi kijijini kwake, anafika Jumapili kuja kujua safari ya shavu ni lini. Asubuhi hii degedege limemshika binti yangu mara tatu kabla ya uji, na nimezihesabu uso ukiwa wazi, mara tatu kamili.

Kwa hiyo nauliza, na ninauliza kweli. Wewe uliyewahi kutia noti yako kwenye ndoo kwa ajili ya mtoto wa mtu: ungetaka kuambiwa kabla, au ungetaka mtoto kwanza na maelezo baadaye? Ukiambiwa kabla, ungeiacha noti yako ilale pale, au ungeichukua? Na kama wewe ni mama mkwe wa mtu, basi nisaidie zaidi ya hao wengine. Mwanamume ambaye miaka yote hii amekuambia shikamoo na ndiyo tu, akitaka kukuambia kwamba ng'ombe wako hatanunua uso wa mjukuu wako, aanzeje ili umsikilize mpaka mwisho?